Jibu: Glutamati imepanda hata kwa panya waliodungwa maji ya chumvi

Salamu kutoka Mtwara, ndugu yangu wa Lindi. Umeeleza kwamba glutamati, kemikali inayopitisha ishara kati ya seli za neva, katika gamba la mbele la ubongo wa panya wako ilipanda baada ya ketamini (dawa ya nusukaputi), lakini ikapanda pia kwa wale waliodungwa maji ya chumvi pekee, na sasa hujui uamini lipi.

Kagua kwanza namna unavyowashika. Kumshika panya na kumchoma sindano humtia hofu, na hofu peke yake huweza kupandisha glutamati katika sehemu hiyo; mimi nilipoteza wiki kadhaa hadi nilipoanza kuwazoesha panya wangu kushikwa kila siku, ndipo kundi la maji ya chumvi likatulia. Vipimo vya kabla ya sindano visipokaribiana kwa sampuli tatu mfululizo, usidunge.

Zito zaidi ni chanzo cha glutamati hiyo. Sehemu kubwa ya glutamati inayonaswa na mrija wa mikrodayalisisi (mrija mwembamba unaochukua sampuli za kemikali ndani ya ubongo) panya akiwa ametulia haitoki kwenye miisho ya neva, bali kwenye seli za glia, zile zinazozitegemeza neva, kwa hiyo pitisha tetrodotoksini, sumu inayozima ishara za neva, katika mrija uone kama ongezeko la ketamini linazimika. Lisipozimika, usiandike kwamba limetoka kwenye neva.

Ikiwa unatumia ofthalaldehaidi, kemikali ya kuifanya glutamati ionekane na mashine ya kupimia, muda kati ya kuichanganya na kuingiza sampuli mashineni uwe uleule kila mara, maana mchanganyiko huo huharibika upesi, na joto letu la Kusini haliusaidii.

Kasi ya pampu inayosukuma kimiminika katika mrija hukuitaja. Iandike hapa, tuitazame.