Usikubali kioo cha LCD kwenye simu inayosoma kidole chini ya kioo

Mkuu, usiende kulipa hiyo elfu 85 kesho. Umeeleza kwamba kioo cha simu yako kimepasuka, kwamba ni simu ya AMOLED inayosoma alama ya kidole chini ya kioo, na kwamba fundi wa Kariakoo amekutajia bei mbili: elfu 260 kwa kioo alichokiita orijino na elfu 85 kwa kile alichokiita inseli. Unauliza kama tofauti hiyo ya bei ina maana yoyote. Nimesoma majibu uliyopewa hadi sasa, na lile linalosema "kioo ni kioo, chukua cha bei nafuu, tofauti ni rangi tu" limenikera kiasi cha kuacha kazi niliyokuwa nayo ili nikujibu, kwa sababu maneno hayohayo ndiyo niliyoambiwa mimi, na yalinigharimu kuliko bei ya kioo chenyewe.

Vioo hivyo viwili vinatofautiana katika chanzo cha mwanga, na kitambuzi cha kidole kilicho chini ya kioo kinategemea jinsi mwanga huo unavyotoka na kurudi. AMOLED ni aina ya OLED, teknolojia ambayo Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak waliieleza mwaka 1987: kila nukta ya picha huwaka yenyewe, na ikizimwa huwa nyeusi kabisa. LCD haiwaki yenyewe. Ni kama kanga iliyotundikwa mbele ya taa. Maua yake yanaonekana kwa sababu kuna mwanga nyuma yake, na taa ikizimwa huoni kitu. Kwa hiyo kila LCD ya simu, hata ile nyembamba inayouzwa kwa jina la inseli, ni lazima ibebe taa yake mgongoni. Jina la inseli linaeleza tu kwamba tabaka linalohisi mguso limejengwa ndani ya kioo chenyewe. Kuhusu mwanga halisemi lolote, na wauzaji wanajua kwamba wateja wengi hawalifahamu hilo.

Baada ya mkasa wangu nilikichambua kioo kile cha LCD juu ya meza kwa wembe, tabaka baada ya tabaka, kwa sababu nilitaka kuona nilichouziwa. Mgongoni kulikuwa na bati jembamba. Juu yake kulikuwa na karatasi nyeupe inayong'aa, ambayo kazi yake ni kuurudisha mbele mwanga unaokimbilia nyuma. Kisha likaja bamba la plastiki angavu, jembamba kuliko milimita moja, ambalo ukiliinamisha dirishani unaona vijidoa vidogo sana vilivyotapakaa upande mmoja. Kwenye ukingo wa bamba hilo palikuwa na safu ya taa ndogo za LED zilizopangwa juu ya fleksi, yaani utepe mwembamba wa nyaya unaokunjika. Mwanga wa taa hizo huingia kwa ubavuni, husafiri ndani ya plastiki kwa kugonga kuta na kurudi, na hutoka pale tu unapokutana na vile vijidoa. Juu ya bamba kulikuwa na karatasi yenye ukungu kama maziwa, inayousambaza mwanga ili usionekane kwa mabaka, na juu yake karatasi mbili zenye mifereji midogo ya prizimu, moja ikiwa na mifereji ya wima na nyingine ya mlalo. Niliiweka mojawapo juu ya gazeti, na kila nilipoiinua kidogo, mstari mmoja wa maandishi ukaonekana miwili.

Ni kazi ya ustadi mkubwa, nakiri. Taa zile nyeupe kwa kawaida ni LED za buluu zilizofunikwa unga wa njano unaong'aa ukipigwa na mwanga, na LED ya buluu ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Sina ugomvi na LCD. Simu nyingi nzuri zinaitumia, na zinasoma kidole vizuri kwa kitambuzi kilichowekwa mgongoni au kwenye kitufe cha kuwashia ubavuni. Ugomvi wangu ni kuiweka LCD mbele ya kitambuzi kilichotengenezwa kwa ajili ya OLED.

Unapoweka kidole kwenye simu yako, sehemu ya kioo iliyo chini ya kidole inawaka kwa nguvu, ndilo lile duara unaloliona. Matuta na mabonde ya ngozi yanaakisi mwanga huo kwa viwango tofauti, na sehemu ya mwanga unaorudi hupenya katika nafasi zilizo kati ya nukta za OLED hadi kwenye kamera ndogo iliyo chini, ambayo hupiga picha ya alama yako. Sasa chukua zile karatasi nilizokutajia, ya kuakisi, ya ukungu, zile mbili za prizimu pamoja na bati la mgongoni, uzipange kati ya kidole na kamera hiyo. Kamera haitaona chochote, leo wala kesho, hata uisasishe programu ya simu mara ngapi. Ndiyo maana simu ya kwanza kuuzwa ikiwa na kitambuzi cha chini ya kioo, Vivo X20 Plus UD ya mwaka 2018, ilitumia OLED, na zilizofuata zikafanya hivyohivyo.

Usijifariji pia kwamba pengine simu yako ni ya zile zinazotumia mawimbi ya sauti, kama Samsung Galaxy S10 ya mwaka 2019. Huko hali ni ileile, kwa kuwa kati ya karatasi za LCD kuna hewa, na mawimbi yale ya sauti hayavuki hewa hiyo yakafika kwenye ngozi na kurudi.

Mimi niliambiwa nini? Muuzaji, ambaye duka lake limejaa vioo hadi darini na ambaye kwa hiyo hakuwa na kisingizio cha kutojua, aliniambia kwamba kidole kitasomwa kama kawaida. Kioo kilipobandikwa na kidole kikakataa, alisema nisubiri gundi ikauke. Gundi ilipokauka alisema tatizo ni protekta, ikatolewa. Protekta ilipotolewa alisema programu inahitaji kusasishwa, nikasasisha. Mwishowe alisema ngozi yangu ni kavu. Nilimwekea vidole vyangu vyote kumi juu ya kaunta nikamwomba anieleze ni ugonjwa gani unaoshika vidole kumi kati ya saa nne na saa nane mchana, maana asubuhi ya siku hiyo vilikuwa vinafungua simu. Wateja waliokuwepo walicheka, yeye hakucheka. Mtu anayeuza vioo na kuwaambia wateja kwamba ngozi yao ndiyo yenye kasoro anajua anachokifanya, na ninamwandikia yeye aya hii kama ninavyokuandikia wewe.

Hata hivyo, fedha za kioo hazikuwa hasara kubwa. Hasara kubwa ilitokea kwenye kile kioo kilichopasuka, na hapa naomba usome polepole. Katika baadhi ya simu kitambuzi kimekaa kwenye fremu, chini ya kioo. Katika nyingine, na yangu ilikuwa mojawapo, kitambuzi kimegandishwa mgongoni mwa kioo chenyewe, kipande chembamba chenye fleksi yake fupi. Fundi alipokitoa kioo changu kilichopasuka alikitoa pamoja na kitambuzi, akabandika LCD, na kile cha zamani kikabaki kwenye boksi lake la takataka. Hakuniambia, kwa sababu kwenye LCD aliyonibandikia kitambuzi hakikuwa na kazi yoyote. Nilipokata tamaa na kununua kioo halisi cha AMOLED kwa fundi mwingine, kilifika bila kitambuzi. Tulirudi kuulizia cha zamani. Boksi lilikuwa limeshamwagwa. Tulinunua kitambuzi cha simu ya aina ileile, kikaingia vizuri, menyu ya alama ya kidole ikaonekana kwenye mipangilio, lakini kila nilipojaribu kusajili kidole simu ilikataa. Kitambuzi hicho kilihitaji kusawazishwa upya na bodi ya simu kwa programu ya kiwandani. Google waliiweka programu ya namna hiyo mtandaoni kwa ajili ya simu yao ya Pixel 6, mtu yeyote akaweza kuitumia, na watengenezaji wote wangepaswa kufanya hivyo. Programu ya simu yangu ilipatikana kwa mafundi walioidhinishwa tu, nao walitaka kwanza kubadilisha kioo kizima kwa bei yao.

Jumlisha mwenyewe: kioo cha LCD, kukibandua, kioo cha AMOLED, kitambuzi kisichokubalika, na kazi ya mafundi wawili. Ningeweza kulipia kioo halisi tangu siku ya kwanza na kubaki na chenji. Katika kipindi chote hicho nilikuwa nafungua programu ya benki kwa namba ya siri ndani ya daladala, mtu wa kiti cha nyuma akiwa na nafasi ya kuisoma.

Kuna mchangiaji amekuandikia kwamba "siku hizi LCD zinasoma kidole". Najua anachokirejelea. Mwaka 2020 Lu Weibing, aliyekuwa akiongoza chapa ya simu za Redmi, alionyesha simu ya majaribio iliyosoma kidole chini ya LCD. Lakini ili kulifanikisha hilo karatasi za taa ya nyuma zilitengenezwa upya ziruhusu mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni, kupita, na chini yake kukawa na chanzo cha infraredi na kitambuzi kinachouona mwanga huo. Inseli ya elfu 85 haina karatasi hizo, na simu yako haina chanzo hicho. Kulitumia jaribio lile kama hoja ya kununua inseli ni kukupoteza.

Jambo jingine ni kwamba hata neno OLED peke yake halitoshi. Kuna vioo vya OLED vya kopi ambavyo vinawaka vyenyewe kweli, lakini havikutengenezwa kwa ajili ya kitambuzi. Kigeuze kioo utazame mgongo wake: umefunikwa na karatasi nyeusi au ya shaba, na chini, mahali ambapo kidole hukaa, panatakiwa pawe na dirisha dogo lililokatwa, au kitambuzi chenyewe kiwe kimeshagandishwa hapo. Kama mgongo umefunikwa wote bila uwazi wowote, kirudishe.

Kwa hiyo fanya hivi, na usikubali kurukishwa hatua. Kabla ya gundi, kabla ya kulipa, mwambie fundi aunganishe kioo kwenye bodi kwa fleksi tu na akiwashe. Fungua picha nyeusi tupu ijaze kioo kizima, pandisha mwangaza hadi mwisho, kisha jifunike na koti au ingia kwenye kona yenye giza. OLED itaonekana kama imezimwa. LCD itatoa weusi wa kijivu, na pembezoni utaona mwanga unavuja. Jaribio hilo halihitaji kifaa, halihitaji kumwamini mtu, na linakwisha kabla fundi hajamaliza kukueleza habari za ubora wa daraja la kwanza. Likifaulu, akishikilie kioo mahali pake na usajili kidole upya hapohapo. Kisha mpe mtu mwingine ajaribu kwa kidole chake, na simu ikatae. Usilione hilo kuwa la ziada: mwaka 2019 Galaxy S10 zilizovikwa protekta za silikoni zilikutwa zikifunguka kwa kidole cha mtu yeyote, hadi Samsung walipotoa marekebisho ya programu. Kilicho kati ya ngozi na kitambuzi kina uzito mkubwa kuliko mafundi wengi wanavyokubali.

Na kioo kilichopasuka ondoka nacho, hata kama kimevunjika vipande vipande, mpaka uhakikishe kwamba kitambuzi chako kimehamishwa na kinafanya kazi. Fundi akisema anakihitaji kwa ajili ya punguzo la bei, mwambie akukatie punguzo hilo siku nyingine.

Kama elfu 260 haipo kwa sasa, ni afadhali uendelee na kioo kilichopasuka, ubandike protekta juu yake ili vigae visikukate, mpaka itakapopatikana. Kesho nenda ukaulize tu. Piga picha mbili za kioo anachotaka kukuuzia, moja ya mgongo wake na moja kikiwa na picha nyeusi gizani, uziweke hapa kabla hujatoa fedha. Nitaziangalia jioni hiyohiyo.