"Basi nipande lini?": Mtabiri mstaafu anajibu maswali yenu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtangazaji wa redio ya jamii. Kila msimu ukikaribia naletewa taarifa ya mwelekeo wa mvua, kurasa zaidi ya kumi pamoja na ramani ya rangi tatu. Naisoma yote hewani, neno kwa neno. Nikimaliza tu, simu zinaanza: "Sasa tufanye nini?" Sina la kuwaambia. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukosei. Taarifa hiyo mtabiri amemwandikia mtabiri mwenzake, nawe umeachiwa kazi ya kuifasiri bila kupewa kamusi. Nasema hivyo kwa sababu nimeziandika mwenyewe kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kuna siku nilipeleka ramani kama hiyo kwenye kikao cha wakulima. Nikaibandika ukutani, nikaeleza kwamba tunatarajia mvua za wastani hadi chini ya wastani. Mama mmoja akainuka, akaja mpaka ukutani, akaweka kidole pale rangi ya njano inapokutana na kijani. "Mwalimu, shamba langu liko upande gani wa huu mstari?" Nikamwambia mstari ule si mpaka wa kweli, unaweza kusogea kilomita nyingi huku au kule. Akanyamaza kidogo. "Basi nipande lini?" Sikuwa na jibu. Katika kurasa zangu zote, siku ya kupanda haikutajwa hata mara moja. Alirudi kukaa na kukunja daftari lake. Hakuwa ameandika kitu.

Tuanze na hilo neno "wastani", maana ndilo linalopoteza watu. Watabiri huchukua kumbukumbu za mvua za miaka 30, siku hizi mara nyingi 1991 hadi 2020, wakazipanga kuanzia mwaka mkavu kuliko yote hadi wenye mvua nyingi kuliko yote, kisha wakazigawa mafungu matatu: miaka kumi mikavu, kumi ya kati, kumi ya mvua nyingi. Kama hatujui lolote kuhusu msimu ujao, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33 hivi. Taarifa ikisema "chini ya wastani, asilimia 45", mizani imeinama upande wa ukavu lakini haijaanguka. Wasikilizaji wako waeleze hivi: weka kokoto ishirini mfukoni, tisa nyekundu za ukavu, sita nyeupe za kati, tano za buluu za mvua nyingi. Ingiza mkono bila kutazama. Nyekundu ndiyo yenye nafasi kubwa kutoka, ila usishangae ukitoa ya buluu. Nimewahi kulifanya zoezi hili na watu wasiojua kusoma, na walilielewa haraka kuliko baadhi ya maofisa niliowahi kuketi nao mezani.

Lakini hata ukiwafundisha kokoto, swali la yule mama bado liko palepale. Taarifa inazungumzia jumla ya mvua ya miezi mitatu, na mmea hauli jumla. Milimita 400 zinaweza kunyesha kwa siku arobaini zilizopangana vizuri. Milimita hizohizo zinaweza kumwagika kwa siku kumi na mbili, na katikati pakakauka wiki tatu nzima, mche ukiwa na majani manne. Kwenye kitabu cha mtabiri misimu yote miwili ni "wastani". Shambani mmoja ni mavuno, mwingine ni njaa. Kwa hiyo ukiletewa taarifa, mrudie aliyeileta kabla hujaisoma hewani. Muulize mvua zinatarajiwa kuanza wiki ipi, na mwanzo huo ukichelewa utachelewa kwa kiasi gani. Muulize kama kuna dalili ya vipindi virefu vya ukavu baada ya kuanza, na zitakoma lini. Hayo yanaweza kukadiriwa, ingawa hayana uhakika wa saa. Mara nyingi hayaandikwi kwa sababu hakuna aliyeyaomba.

Na wewe una kitu ambacho mtabiri hana. Waite wakulima studio, wakupe kalenda yao: mbegu hununuliwa lini, shamba huandaliwa lini, palizi huanza lini. Mpelekee mtabiri kalenda hiyo. Taarifa inayofika wiki mbili baada ya mbegu kununuliwa haimsaidii mtu, hata ikija kuwa kweli tupu. Kipimo kizuri cha utabiri ni uamuzi uliobadilika, na uamuzi una tarehe yake.

SWALI: Programu ya simu iliniambia asilimia 60 ya mvua. Sikuanika mavuno yangu, jua likawaka kutwa. Mbona mnatudanganya?

JIBU: Pole, ndugu yangu. Kupoteza siku ya jua wakati wa kuanika kunauma. Ila siku moja haitoshi kumpima mtabiri. Kusanya siku kumi alizosema asilimia 60: kama sita zilinyesha na nne hazikunyesha, alisema kweli mara zote kumi. Kama zote kumi zilikauka, hapo una haki ya kumkaba. Weka daftari, na kama unaweza weka kipimo cha mvua. Milimita moja ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba, kwa hiyo hata chombo chenye kuta zilizonyooka na rula vitakupa picha. Baada ya msimu mmoja utajua umwamini nani, na kwa umbali gani. Kesho na keshokutwa mtabiri huwa hodari. Akikuambia saa ya mvua ya siku ya kumi na nne, usimjengee mipango.

Jambo la pili, asilimia 60 haikuamulii. Pima hasara zako mwenyewe. Kama kufunika mavuno ni kazi ya saa moja, na yakilowa utafanya kazi ya saa kumi kuyakausha upya, basi funika hata nafasi ya mvua ikiwa asilimia 15. Jirani yako anayesubiri mvua ajaze tangi atasoma namba hiyohiyo na kuamua kinyume chako, na nyote wawili mtakuwa sahihi.

SWALI: Kwa nini watu huonywa kuhusu kimbunga au mafuriko na bado hawahami?

JIBU: Swali hili limeninyima usingizi kuliko mengine yote. Novemba 1970 kimbunga cha Bhola kiliipiga pwani ya nchi ambayo leo ni Bangladesh na kuua watu laki kadhaa. Kimbunga kilionekana kikija. Kilichokosekana ni njia ya kumfikia mtu wa kisiwani kwa maneno anayoyaelewa, na mahali pa juu pa kumpeleka. Mwaka 1972 ulianzishwa mpango wa watu wa kujitolea, wanavijiji wenyewe, wanaopita na vipaza sauti na bendera mlango kwa mlango. Zikajengwa nyumba za kujihifadhi. Mei 2020 kimbunga Amphan kilipokaribia, Bangladesh iliwahamisha watu zaidi ya milioni 2, na waliokufa huko walihesabika kwa makumi.

Umoja wa Mataifa umetaka kila mtu duniani awe analindwa na mfumo wa tahadhari ya mapema ifikapo 2027. Naiombea shabaha hiyo kwa moyo wote, lakini mitambo pekee haitaifikia. Ukimwambia mtu "upepo wa kilomita 120 kwa saa", humwambii kitu. Mwambie mabati yatang'oka, barabara ya bondeni itafunikwa na maji kabla ya usiku, avuke saa hizi kukiwa na mwanga. Kisha asikie hayo kutoka kwa mtu anayemfahamu kwa sura.

Kwa hiyo kaeni mapema, kabla mawingu hayajajikusanya, mwandike majina. Nani atamgongea mzee asiye na simu? Nani atambeba asiyeweza kutembea? Mifugo ya anayehama italala wapi? Nimewaona watu wakigoma kuhama kwa sababu ya mbuzi watatu, na sikuwalaumu. Mbuzi wale walikuwa akiba yao yote. Mliopata mahali pa kuwahifadhi mbuzi, niandikieni mlivyofanya. Nitayachapisha hapa toleo lijalo.