Muulize Bwana Miti: Mizani ya msitu iko wapi?

SWALI: Bwana Miti, shikamoo. Vijana wa vipimo walikuja kwenye msitu wetu wa kijiji hapa Kilwa. Siku nne wamezunguka na futi kamba, hawakukata hata kijiti, wala mizani hawakuwa nayo. Sasa mkutanoni tunaambiwa tuna tani kadhaa za hewa ukaa. Wamezipimia wapi? Na ule mbuyu wetu mkubwa, si ndio unaoshinda mipingo yote? — Katibu, kamati ya maliasili

JIBU: Marahaba, katibu. Mizani ilikuwepo, ila si kwenu. Watafiti walishakata miti kwingine, wakaipima kipande kwa kipande, wakakausha sampuli kwenye oveni kwa nyuzi 105 mpaka zikaacha kupungua uzito. Ndiko ilikotoka fomula: nipe kipenyo, urefu na uzito wa mbao kwa ujazo wake (yaani ni nzito au nyepesi kiasi gani), nikupe kilo za mti.

Chukua mti wenye mzingo wa sentimita 94. Gawa kwa 3.14, kipenyo ni 30. Kama una urefu wa mita 12 na mbao ya uzito wa kati, fomula inakupa kilo 350 hivi za mti mkavu, mizizi haimo. Kaboni ni kama asilimia 47 ya hizo, kilo 165. Ili kupata hewa ukaa zidisha kwa 3.67: kilo 600 na ushei.

Shida huanzia kwenye futi kamba. Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, "kifuani" kama tunavyosema. Mimi ni mrefu, na nilipoanza kazi nilipima kifuani kwangu. Siku ya tatu mzee aliyetuongoza akanisimamishia fimbo: 1.45! Ploti zote, yaani vipande vya msitu tunavyovipima, tukazirudia, nami nimenuna. Lakini shina hupungua unene kadiri unavyopanda, na mti wa sentimita 30 ukiuandika 28, umeshapoteza karibu asilimia 13 ya uzito wake. Tangu hapo siingii msituni bila fimbo yenye alama.

Mbuyu ni mnene, kweli, ila mbao yake ni maji matupu. Ukifa unaporomoka, unabaki rundo la nyuzinyuzi. Mpingo ukiutupa majini unazama. Kwa unene na urefu ule ule, mpingo unauacha mbuyu mbali sana. Basi ukiona mbuyu umeingizwa kwenye hesabu kwa uzito wa mbao za kawaida, piga kelele. Na kama una shimo la kulala watu, kama mibuyu mingi ya huko, piga kelele mara mbili.

Jambo moja zaidi. Ploti huchaguliwa kwenye ramani kabla ya safari. Ikiangukia kichaka cha miba, unaingia. Ikiangukia uwazi usio na mti, unaandika sifuri, husogei mita 20 kufuata miti minene. Omba fomu zao, katibu, utafute hizo sifuri. Msitu wa Kilwa niujuao mimi hauwezi kuzikosa. Usipoiona hata moja, niandikie tena.