Mshono wa goti la bandia unaovuja

SWALI: Mama yangu aliwekewa goti la bandia, na hii ni wiki ya pili mshono unatoa majimaji. Jamaa hapa Wete wanashauri tumpake mafuta ya karafuu na kumnunulia antibiotiki dukani. Tufanyeje?

JIBU: Msimpake chochote wala msimpe dawa hizo, mrudisheni leo kwa daktari aliyempasua, hata kama hana homa, kwa kuwa mshono unaovuja zaidi ya wiki moja ni dalili ya hatari. Bakteria wakishika chuma hujijengea utando unaowakinga na dawa, na antibiotiki zikitangulia kabla ya majimaji ya ndani ya goti kupimwa, maabara huweza kushindwa kuwabaini. Maambukizi yakigunduliwa mapema, mara nyingi goti husafishwa bila kung'olewa. Akiwa na kisukari, nacho kidhibitiwe.