Rimu Pana kwenye Gari la Kale: Tairi Gani Litafaa?

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Wenye magari ya zamani ya spoti wameanza kubadilisha rimu, na swali la tairi limekuja baada ya rimu kununuliwa, ilhali lilipaswa kutangulia.

Salaam aleikum, Fundi. Nina Datsun 240Z yenye rimu zake za asili, za chuma, inchi 14 kwa upana wa inchi 4 na nusu. Nimeletewa seti mbili za inchi 15: moja ina upana wa inchi 6, nyingine inchi 7. Muuzaji anasema nichukue za 7 nivalishe 225/50. Ni ushauri mzuri? (Msomaji wa Shela, Malindi)

Waalaikum salaam. Muuzaji anatazama upana, lakini wewe anza na kipenyo, kwa sababu gia, spidomita na kimo cha gari vyote vilipangwa kwa kukifuata. Gari lako lilitoka kiwandani na matairi ya 175 ya ringi 14, yaani upana wa milimita 175 kwa rimu ya kipenyo cha inchi 14. Matairi ya enzi hizo hayakuandikwa asilimia ya ubavu, ila ubavu wake hukaribia asilimia 80 ya upana au huzidi kidogo, kwa hiyo kipenyo kizima ni karibu milimita 640. Hiyo ndiyo namba ya kuilinda.

Sasa tulipime hilo la muuzaji, ambalo 225 ni upana wake kwa milimita na 50 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Nusu ya 225 ni milimita 112.5, mara mbili, kwa kuwa kuna ubavu juu na ubavu chini, ni 225, ongeza ringi ya inchi 15, ambayo ni milimita 381, upate 606. Gari litakuwa limeshuka kwa milimita 17, nusu ya tofauti hiyo, injini itazunguka zaidi kwa mwendo ule ule, na mshale wa spidomita utakapoonyesha 100 wewe utakuwa unakwenda 95 hivi. Hilo la spidomita linavumilika. La kushuka silipendi, kwani tumbo la gari hilo liko chini tangu mwanzo, na matuta ya barabara ya Mombasa hayamhurumii mtu.

Kwa hesabu hiyo hiyo, 195/65R15 inatoa karibu milimita 635, na 205/60R15 inatoa 627. Zote mbili zinakubalika, ila kila saizi ina rimu inayoifaa. Tairi la 195/65 linaruhusiwa kwenye rimu ya kuanzia inchi 5 na nusu hadi 7, na hapo kwenye 7 linakuwa limevutwa hadi mwisho, ukingo wa rimu unabaki wazi, na shimo moja la barabarani linatosha kuupinda. Tairi la 205/60 linafika hadi inchi 7 na nusu, kwa hiyo kwenye 7 linakaa vizuri zaidi. Kumbuka tu kwamba upana wa saizi hiyo hupimwa juu ya rimu ya inchi 6, na kila nusu inchi ya rimu inayoongezeka hulitanua tairi kwa milimita 5 hivi, hivyo usishangae ukipima na kukuta zaidi ya 205.

Mimi ningechukua rimu za inchi 6 na 195/65R15 bila kusitasita. Ndiyo saizi wanayovaa wenye Toyota Premio, kwa hiyo hutaagiza tairi kutoka ng'ambo kila unapotobokewa, na ubavu wake wa milimita 127 unatosha kumeza mawe ya njia za vumbi. Usukani pia, ambao kwenye gari hilo hauna msaada wowote wa mafuta, utabaki mwepesi kiasi cha kuegesha bila kutokwa jasho. Gari la aina hii lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973, na barabara zilizolipa sifa hiyo hazikuwa za kubembelezwa na ubavu mfupi.

Fundi, nimeweka rimu za inchi 15 kwa 6 na matairi ya 195/60 kwenye MGB GT yangu. Mbele hakuna shida, lakini nyuma tairi linakwaruza nikipakia abiria. Je, tairi ni kubwa mno? (Msomaji wa Watamu)

Si kubwa. Tairi lako la asili, 165 la ringi 14, lina kipenyo cha milimita 620 hivi, na hilo jipya lina 615. Lililobadilika ni upana: umeongeza milimita 30, na kama rimu mpya inakaa kwenye habu (kitovu inapofungwa rimu) pale pale ilipokaa ya zamani, milimita 15 zimekwenda ndani na 15 zimekwenda nje. Ndiyo maana kila mnunuzi wa rimu anapaswa kuuliza, mbali na ringi na upana, bapa linalogusa habu liko umbali gani kutoka mstari wa katikati ya rimu. Namba hiyo hupigwa muhuri nyuma ya rimu kwa herufi ET ikifuatiwa na milimita. Ikiwa ndogo, gurudumu linatoka nje. Ikiwa kubwa, linaingia ndani.

Kabla ya kutumia pesa, paka chaki kwenye bega la tairi, pakia watu wawili nyuma, pita tuta polepole, kisha tazama chaki imefutika upande gani. Ikiwa imefutika upande wa nje, chini ya ukingo wa madigadi, shuku springi zako za nyuma kabla ya kushuku tairi. Springi za bapa za gari lenye umri wa miaka 50 huwa zimelala, na kuzirudishia upinde wake kunaweza kumaliza tatizo lote. Tafadhali usimruhusu mtu agonge madigadi kwa nyundo. Rangi ikipasuka pale, hewa ya chumvi ya Watamu itamalizia kazi.

Nimepata rimu nzuri za gari la Kijapani, matundu manne, za kuvalisha Fiat 124 Spider aliyoniachia marehemu baba. Zinaingia kwa kulazimisha kidogo. Nizifunge? (Binti wa Casuarina, Malindi)

Usizifunge, mwanangu. Bolti za Fiat ziko kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 98, na rimu nyingi za Kijapani za matundu manne ni za 100. Tofauti ya milimita mbili haionekani kwa macho, lakini bolti huingia kwa kupinda, kichwa chake hakikai sawasawa kwenye tundu, na hujilegeza yenyewe safarini. Mrudishie muuzaji. Ukipata rimu sahihi za inchi 14, zivalishe 185/65R14, ambazo zina kipenyo cha milimita 596, karibu sawa kabisa na tairi la asili la 165 la ringi 13. Na pole kwa msiba.

Porsche 911 Carrera RS ya 1973 ilikuwa na matairi mapana zaidi nyuma. Kwa nini mimi nisifanye hivyo kwenye gari langu lenye injini mbele? (Msomaji wa Mambrui)

Ile ilikuwa na 185/70 mbele kwenye rimu ya inchi 6, na 215/60 nyuma kwenye rimu ya inchi 7, kwa sababu injini yake imening'inia nyuma ya ekseli na uzito uko huko. Waliongeza mshiko pale penye mzigo. Gari lako lina injini mbele. Ukiipa nyuma mshiko mwingi kuliko mbele, utakata usukani na pua itaendelea kwenda moja kwa moja. Zaidi ya hayo hutaweza kubadilishana matairi ya mbele na nyuma, na tairi lako la akiba litafaa upande mmoja tu. Vaa saizi moja pande zote.

Duka moja linaniuzia matairi ya saizi adimu ambayo hayajawahi kutumika, kashata zake nzima kabisa. Bei ni nusu. (Msomaji wa Maweni, Malindi)

Tafuta ubavuni neno DOT na usome tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2312 ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka 2012. Mpira huzeeka hata rafuni, na kwenye joto letu huzeeka upesi. Likizidi miaka sita siliweki kwenye gari langu, hata nikipewa bure.