Kabla ya Kuhesabu Makombe: Ushauri kwa Anayeandika Historia ya Timu ya Shule

Nilipohamia Massillon, mji wa watu wapatao 32,000 kaskazini mashariki mwa Ohio, sikujua lolote kuhusu futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai. Mwanangu alipoanza kuupenda, nilinunua daftari na kuanza kuandika habari za timu ya sekondari ya mji, inayojulikana kwa jina la Tigers. Siku moja, nikijivunia utafiti wangu, nilimwambia jirani yangu mzee kwamba nimepitia orodha yote ya mabingwa wa jimbo tangu mwaka 1972 na timu yake haimo hata mara moja. Mzee aliweka kikombe chake cha kahawa mezani taratibu, akaniambia kwamba kusoma ninajua, ila kuhesabu bado.

Alikuwa na haki ya kukasirika. Mashindano ya mtoano ya Ohio yalianza mwaka huo wa 1972. Kabla ya hapo bingwa hakupatikana kwa fainali, bali waandishi wa habari walilinganisha rekodi za timu na kuipigia kura ile waliyoiona bora kuliko zote. Kwa utaratibu huo Massillon inahesabu mataji zaidi ya ishirini. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mtu yeyote anayetaka kuandika historia ya timu ya shule ni huu: kila unapokutana na neno bingwa, uliza ubingwa huo ulitolewa na nani na kwa njia gani. Mimi niligawa ukurasa wa daftari langu katika safu mbili, moja ya mataji ya kura na nyingine ya mataji ya mtoano, na tangu siku hiyo sijazichanganya.

Jambo la pili ni kwamba makombe si mahali pazuri pa kuanzia. Anza na mpinzani. Massillon na Canton McKinley, shule ya mji wa jirani ulio umbali wa kilomita kumi na tatu hivi, zilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1894, na tangu hapo zimecheza zaidi ya mara 130. Sisi tuliokulia Dar es Salaam tunadhani tunaujua utani wa jadi, lakini Yanga iliundwa mwaka 1935 na Simba mwaka uliofuata, wakati ambapo wazee wa miji hii miwili walikwisha kununiana kwa miaka arobaini. Ukifuata mchezo huo mmoja mwaka baada ya mwaka katika magazeti ya zamani, ambayo maktaba nyingi za miji midogo huyahifadhi katika mikrofilamu, utapata uti wa mgongo wa historia nzima, kwa kuwa mwandishi wa gazeti, hata kama hakujali michezo mingine, huo hakuthubutu kuukosa.

Ndivyo nilivyofika kwa Paul Brown. Alikuwa kijana wa mji huu, amesoma na kucheza katika shule hiyohiyo, na mwaka 1932 alirudi kuwa kocha akiwa na umri wa miaka ishirini na minne tu. Katika misimu tisa timu yake ilishinda michezo 80, ikapoteza 8 na kutoka sare 2. Mwaka 1940 ilifunga pointi 477 na kufungwa 6 tu msimu mzima. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Ohio State, kisha akawa kocha wa kwanza wa Cleveland Browns, timu ya kulipwa inayobeba jina lake hadi leo. Watu wengi huishia hapo, na mimi nilikaribia kuishia hapo. Kilichonizuia ni jina la mchezaji wa upande wa pili, Marion Motley, kijana Mweusi aliyeichezea Canton McKinley katika miaka hiyohiyo. Timu yake ilipoteza michezo mitatu tu katika miaka yake yote pale, na yote mitatu mikononi mwa Massillon. Mwaka 1946 Brown alimchukua Motley Cleveland pamoja na Bill Willis, mchezaji mwingine Mweusi, wakati wachezaji Weusi walikuwa wamefungiwa milango ya ligi za kulipwa kwa zaidi ya miaka kumi. Nisingeliona hilo kama ningesoma habari za washindi peke yao, kwa hiyo soma pia orodha ya walioshindwa.

Usisahau majengo na kazi za watu. Huu ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, na uwanja wake, unaobeba watu zaidi ya 16,000, yaani karibu nusu ya mji, ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa msaada wa mradi wa serikali wa kuwapa ajira watu walioumizwa na mdororo wa uchumi. Kwa miaka mingi pia kila mtoto wa kiume aliyezaliwa hospitalini hapa alipewa mpira mdogo na kikundi cha washabiki. (Mke wangu alipoambiwa hivyo aliuliza watoto wa kike walipewa nini, na hakupata jibu la kumridhisha.)

Kuhusu wazee, usiwaendee mikono mitupu na swali la jumla. Mpelekee nakala ya ukurasa wa gazeti la mwaka fulani, kisha nyamaza. Jirani yangu, ambaye kwa maswali yangu alijibu kwa sentensi moja moja, alizungumza saa mbili mbele ya picha moja, na matokeo mawili kati ya matano aliyonitajia hayakulingana na gazeti. Niliandika yote, yake na ya gazeti, bila kufuta.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Massillon iliifunga timu ya shule ya Archbishop Hoban 7 kwa 2 na kutwaa taji lake la kwanza la mtoano, tena katika uwanja ulioko Canton. Nilimpigia simu mzee kumpongeza kwa ubingwa wa kwanza. Alinisahihisha kabla sijamaliza sentensi. Nimeuandika ushindi huo katika safu ya pili. Safu ya kwanza sijaigusa.