Vijana wa hoteli kukataa ovataimu si uvivu, angalieni peislipi

Mleta mada umeuliza mbona mdogo wako na wenzake wa hotelini hapa Malindi wanakataa ovataimu hata msimu ukishika, na wengi humu washajibu ni uvivu. Mimi nimekaa jikoni hotelini miaka mingi, nasema si uvivu, ni hesabu.

Chukua mtu wa mshahara wa shilingi elfu 30 kwa mwezi, kwa viwango vya Kenya vya 2025. Akipata ovataimu ya 6,000, NSSF (akiba ya uzeeni) inachukua asilimia 6, SHIF (bima ya afya) 2.75, tozo ya nyumba 1.5, kisha kilichobaki kinaingia PAYE, yani kodi ya mshahara, kwenye ngazi ya asilimia 25 kwa sababu ngazi ya asilimia 10 ishamalizwa na mshahara wake wa kawaida. Mkononi inafika elfu 4 na kidogo. Yani umesimama kwenye moto mpaka Wataliano wa mwisho wamalize kula, thuluthi imeenda, na saa hizo matatu hakuna, boda ya kurudi mtaani Barani unatoa mfukoni mwako.

Kinachoniuma ni kwamba afueni ilikuwepo. 2016 sheria iliondoa kodi kwenye ovataimu na bonasi za watu wa mshahara wa chini kabisa, halafu 2020 ikafutwa, kwenye sheria ile ile ya wakati wa korona iliyopunguza PAYE, watu wakafurahia punguzo na hili likapita kimya kimya.

Ila si kila mtu hupunguza saa. Mwenzangu mwenye watoto sekondari alizidisha shifti, maana karo ni ile ile ukatwe usikatwe. Kijana asiye na mzigo yeye aliacha ovataimu, jioni anashika tuktuk ya mtu, akishatoa mafuta na hesabu ya mwenyewe inayobaki yake. Huyo hajapunguza kazi jamani, saa zake zimehama tu.

2004 Edward Prescott, mchumi wa Marekani aliyepata Nobel mwaka huo huo, aliandika kwamba Wajerumani na Wafaransa wanafanya saa chache kuliko Wamarekani sababu ya kodi, wenzake wakabisha wakasema ni vyama vya wafanyakazi na sheria za kazi. Kwetu hapa naona kodi inasukuma watu nje ya peislipi kuliko kuwapumzisha. Hata tajiri, yani mwajiri, naye analipa NSSF na ile 1.5 ya nyumba juu ya mfanyakazi, so msimu ukijaa anaita vibarua wa pesa mkononi, ambao uzeeni hawatakuwa na akiba ya NSSF kwa kazi hiyo.

Mdogo wako usimgombeze. Mwambie apige hesabu, kwa viwango hivyo vya 2025 mshahara na ovataimu zikivuka 36,000 hivi anaingia ngazi ya PAYE ya asilimia 30, kila elfu ya juu inabaki kama 630, aamue mwenyewe. Na kwanza ahakikishe analipwa mara moja na nusu ya bei ya kawaida kwa hizo saa, kuna wanaolipa bei ya kawaida na hakuna anayeuliza.